Mtu wa Kuonja Kwanza

Huku kwetu mtaa wa Buyenzi kijana akipepesuka barabarani, wenzake humwambia, "Umelewa kama Muonjaji." Wengi wanaosema hivyo hawakumwona hata siku moja. Wamelikuta neno limelala njiani, wakaliokota. Mimi nimelisikia miaka mingi nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeombwa ninyamaze. Sasa yeye ametangulia, na bibi mmoja wa Gihosha ambaye kwa ajili yake nilinyamaza naye ametangulia. Hasira imebaki kwangu peke yangu, na sina pa kuipeleka ila hapa.

Nianze kwa kusema kwamba mimi sinywi. Ni Mwislamu, mtoto wa Buyenzi, mke wa fundi wa magari, na pombe haijapita kinywani mwangu. Kama unatafuta mtu wa kukueleza utamu wa divai, umebisha mlango wa jirani. Lakini niliishi ua mmoja na mtu aliyeijua pombe kama mume wangu alivyoijua injini. Alikuwa akiinamisha kichwa, akinyamaza kidogo, kisha anakwambia inaumwa wapi.

Alizaliwa wapi, baba yake nani, kabila gani, sitaandika. Miaka ile ya vita, Warundi kwa Warundi, hayo ndiyo yalikuwa maswali ya kwanza, na watu walikufa kwa majibu yake. Nitasema tu kwamba alitoka Cibitoke wakati mtaa ule ulipogawanyika na majirani wakaanza kuchomeana nyumba. Alifika kwetu na godoro, koti la kahawia, na sanduku la bilauri alizozifunga moja moja kwa kanga ya marehemu mkewe. Mume wangu alimpa chumba cha nyuma, karibu na karakana. Buyenzi ilipokea wengi namna hiyo, na kama mzee fulani alinung'unika, alinung'unikia nyumbani kwake.

Mjini watu walikuwa wakitazamana pua. Anasimamishwa mtu kwenye kizuizi, wanamtazama pua, wanaamua kabila lake. Mwonjaji alikuwa akiudhika sana na jambo hilo, kuliko hata risasi. "Mungu alitupa pua ya kunusa," alisema, "hawa wanaitumia kama kitambulisho." Halafu anashika ya kwake kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha kwamba bado ipo.

Zamani alikuwa msimamizi wa vinywaji katika hoteli moja kubwa kando ya ziwa. Vita vilipoanza wageni walikwenda zao na hoteli ikabaki na viti. Kutoka kule alibaki na kizibuo cha chuma alichokiweka mfukoni mwa shati, na tabia ya kuinua kila kitu kwenye mwanga kabla ya kukinywa, hata maji ya bomba, hata uji. Watoto wangu walimwiga. Nilikuwa na mtoto wa miaka minne anayekagua chai yake kama ofisa wa forodha.

Alikuwa na semi zake, na alizirudia mpaka ukachoka. Kuhusu divai alisema usiiharakishe, imelala gizani miaka, ukiifungua lazima uipe muda wa kukumbuka jina lake. Kuhusu wiski alisema mtu anayeitia barafu nyingi anaogopa kuzungumza nayo. Urwarwa wetu wa ndizi aliuheshimu kuliko vyote. Alidai anajua kama ndizi ziliivishwa shimoni au juu ya moshi wa jikoni, na kama aliyezikamua alikuwa na haraka. Juu ya urwarwa aliweka isongo, ambayo ni ndizi tupu bila maji ya kuongezea. Hiyo alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayemtaja mama yake.

Kanyanga, ile pombe kali ya magendo, hakuigusa. "Ile hainywewi, Mama Zubeda, inamezwa tu," aliniambia. "Na kitu unameza bila kuonja ni dawa ama ni huzuni." Miaka ile kulikuwa na huzuni nyingi, na kanyanga iliuzwa kila kona.

Alinifundisha kunusa. Si pombe, ile nilikataa, naye hakunishurutisha. Alinipa bilauri yenye juisi ya marakuja, chai, kahawa ya mkoa wa Ngozi, akanifumba macho kwa kitambaa, akaniuliza. Nilikwenda kumwuliza shehe wetu kama kumsikiliza mtu akizungumzia harufu ya divai ni haramu. Shehe akacheka, akasema kusikia si dhambi, ila nisivute kiti. Nilivuta kiti. Nilikuwa na watoto watatu, risasi zikilia upande wa Kamenge, na mtu mmoja ananiuliza kama kahawa hii inanukia udongo wa mvua au udongo wa jua. Namshukuru mpaka leo kwa swali lile.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na majivuno. Alipiga pasi koti lake hata siku ambazo hatukuwa na mkaa wa kupikia, na mkaa ulikuwa wangu. Aliwadharau watu wanaochanganya divai na soda, akiwaita washenzi mbele ya macho yao. Lakini mjane mmoja wa uani kwetu alipomwomba divai na soda ya machungwa siku ya Krismasi, nilimwona akiichanganya taratibu, kipimo kwa kipimo, akampelekea kwa mikono miwili kama anamhudumia balozi. Nilipomcheka alisema, "Huyu hakuniomba divai. Aliniomba sherehe."

Na tuligombana kwa sababu ya ndagala. Mimi nakaanga ndagala, wale samaki wetu wadogo wa ziwani, na harufu yake haiulizi ruhusa ya mtu. Siku akiwa na kazi ya kuonja, alikuja asubuhi mlangoni. "Mama Zubeda, leo ndagala apana. Nakuomba." Mara nyingine nilimwitikia vizuri. Mara nyingine, kama alikuwa ameniudhi na mambo ya mkaa, nilizikaanga.

Sasa nieleze kazi hiyo. Katika desturi ya Warundi, pombe haipewi mgeni kabla aliyeileta hajaionja mbele ya watu. Anapiga funda moja, wote wanaona, ndipo mirija inapita. Ni adabu ya zamani na haikuwa na uzito. Watu waliifanya huku wakipiga soga. Vita viliipa uzito. Maneno ya sumu yalienea kila mahali. Fulani alikunywa kwa fulani akafa, fulani ana dawa ya kuzuia kwa hiyo akionja yeye si hoja. Familia zilizotaka kuoana zikawa zinakaa ukumbi mmoja, mtungi katikati, na hakuna mkono unaonyooka.

Ndipo watu walipomkumbuka mtu wa hotelini aliyehamia Buyenzi. Hakuwa wa upande huu wala ule wa harusi, na ulimi wake ulijulikana. Alikuwa akiwekewa kigoda kati ya pande mbili. Anavuta funda moja kwa mrija, anafumba macho, anameza, anakaa kimya. Wote wanamtazama uso kama jamaa wa mgonjwa wanavyomtazama daktari. Kisha anasema, "Iko muzima." Basi. Mabega yanashuka, mirija inapita, watu wanaanza kuulizana habari za watoto. Nimewaona wanaume waliouliana ndugu wakivuta mtungi mmoja kwa sababu mzee mmoja alisema maneno mawili.

Hakunywa zaidi ya funda lile. Hilo lilikuwa fahari yake kuu. "Muonjaji akilewa," alisema, "watu watakunywa kwa imani ya nani?"

Siku moja nilimwuliza kwa nini hatemi, maana alikwisha kunisimulia kwamba wazungu hotelini walikuwa wakionja divai na kuitema kwenye ndoo. Alinitazama kama nimemwuliza kwa nini havui suruali sokoni. "Kule unatema, wanasema huyu anajua," akasema. "Hapa ukitema mbele ya mwenye pombe, umemwita muuaji. Na miaka hii mutu akiitwa muuaji hafiki nyumbani."

Kumbuka maneno hayo.

Ilikuwa wakati wa vikwazo, nchi jirani zimetufungia mipaka na petroli ikaadimika kama maziwa ya kuku. Ilivushwa usiku kwa bidoni, yale madumu ya plastiki ya njano, ikauzwa kwa chupa kando ya barabara. Kila nyumba ilikuwa na bidoni, na bidoni ile leo inabeba petroli, kesho maji, keshokutwa mafuta ya mawese. Watu waliziosha kwa majivu na maji ya moto, wakazianika, wakanusa, wakasema safi. Mimi mke wa fundi nakwambia, petroli haitoki kwenye plastiki. Inalala. Ukiitia kitu chenye joto, inaamka.

Jirani yetu wa ukuta wa pili, mtumishi wa serikali, alikuwa anamwoza binti yake. Kijana alitoka Gihosha, na kila mtu alijua kwamba watu wake si wa kabila la huyu baba. Baba wa binti alikuwa amempoteza kaka yake mwaka uliotangulia, kwa mikono ya watu ambao yeye aliwahesabu kuwa ni ndugu wa wale wageni. Alikubali ile posa kwa sababu binti alikataa kula. Alikubali kwa meno, si kwa moyo.

Wageni walikuja na isongo iliyopikwa na nyanya wa kijana, bibi mfupi mwenye mgongo ulioinama, aliyekamua ndizi kwa mikono yake mwenyewe. Zamani angeileta kwenye mtungi wa udongo, kichwani, njia nzima. Lakini kwenye vizuizi askari walikuwa wakichokonoa mitungi kwa fimbo za chuma, mingi ikapasuka. Kwa hiyo aliitia kwenye bidoni, na alipofika kwa jirani yetu ikamiminwa mtungini. Kule nyumbani alikuwa ameionja, kabla ya bidoni.

Mimi nilikuwepo, na soda yangu, upande wa wanawake, karibu na mlango. Nje ya mlango ule walikuwa wamesimama vijana ambao hakuna aliyewaalika. Walikuwa wa mtaa, wa umri ule wa kushika silaha, na makoti mazito mchana wa jua kali. Baba wa binti aliwaona na hakuwafukuza.

Mwonjaji akakaa kwenye kigoda chake. Akavuta funda, akafumba macho, akameza.

Hakusema iko muzima. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na nilikuwa naujua uso ule. Akavuta tena. Watu wakatazamana, maana hilo hakuwahi kulifanya. Akavuta la tatu, refu, mpaka mashavu yakaingia ndani. Baba wa binti akasogea mbele kwenye kiti.

"Muzee, iko namna gani?"

"Tamu," Mwonjaji akasema kwa sauti kubwa. "Tamu sana. Niacheni kidogo."

Akaendelea kunywa. Akaanza kucheka peke yake. Akaanza kuimba wimbo wa kanisani na kuukosea maneno. Mtu akamshika bega, Mwonjaji akamsukuma, akasimama, akapepesuka, akauangukia mtungi kwa mwili wake wote. Ukapasuka chini yake. Isongo ikatapakaa kwenye mikeka, kwenye viatu vya wazee, ikamlowesha yeye tangu kifua mpaka magoti, naye amelala pale juu ya vigae akicheka.

Kwanza ilikuwa hasira. Kisha mtu mmoja upande wa wageni akacheka, na upande wa wenyeji wakacheka, na nakwambia ule ndio ulikuwa mwanzo wa undugu wao, kumcheka mtu mmoja kwa pamoja. Baba wa binti akasema, "Ndiye huyu tuliambiwa anajua pombe? Mulevi tu." Akaagiza kreti la bia za chupa, zikafunguliwa mbele ya macho ya wote. Posa ikapokelewa. Yule bibi wa Gihosha peke yake hakucheka. Aliinama akaokota vipande vya mtungi, kimoja kimoja, akavifunga kwenye kitenge chake.

Wale vijana wa mlangoni ndio waliombeba. Walimtupa kizingitini kwangu kama gunia, wakaondoka wakimwiga anavyoimba. Niliingia nimfokee, nikamvua koti lililolowa, na lilipokaribia uso wangu nikasimama pale pale: chini ya harufu ya ndizi kulikuwa na nyingine, hafifu, ambayo pua isiyofundishwa isingeikamata.

Petroli.

Alikuwa amefumbua macho. Yalikuwa makavu na mazima kabisa, kama ya mtu aliyeamka alfajiri kwenda misa. "Mama Zubeda," akasema, "kaanga ndagala. Nyingi."

Nikazitia zote nilizokuwa nazo. Nilikaanga mpaka ua mzima ukanuka samaki na majirani wakaanza kukohoa, na nyuma ya moshi ule nikaliloweka koti kwa sabuni, na yeye akatapika kwenye ndoo mpaka adhana ya magharibi. Nilielewa bila kuambiwa. Angetema, wangesema sumu. Angesema imeharibika, wangeuliza imeharibiwa na nani. Na kama angesema iko muzima, wa pili kuvuta alikuwa baba wa binti, na mlangoni walikuwa wamesimama wale vijana wa makoti.

Alipopata nguvu alisema neno moja tu, kwamba nisimwambie mtu, hata fundi wangu. "Yule mama aliosha bidon yake vizuri," akasema. "Akijua, atakufa kwa aibu."

Hakuitwa tena kwenye sherehe yoyote. Na hapa nitasema ukweli, hakulibeba jambo lile kwa unyenyekevu. Alichukia. Watoto walipomfuata wakipepesuka nyuma yake aliwarushia mawe. Katekista alipomwita kumwonya juu ya ulevi, alirudi nyumbani akavunja bilauri mbili kati ya zile alizotoka nazo Cibitoke, kisha akakaa chini akaokota vioo na kulia. Jioni moja alimsikia baba wa binti, nje ya ukuta, akiwasimulia watu kisa kile na kuongeza chumvi. Akasimama, akashika mlango. Nilidhani sasa atakwenda kusema. Alisimama pale muda mrefu mkono ukiwa kwenye komeo, kisha akarudi kwenye kiti. Chai yake ilikuwa imepoa. Hakuiinua kwenye mwanga.

Vita vilipopungua nguvu na watu wakaanza kurudi walikotoka, naye alirudi Cibitoke, kwenye chumba kimoja cha nyumba yake ambacho paa lake lilikuwa limesalia. Yule binti wa jirani alikuwa na watoto wawili kwa huyo mumewe wa Gihosha. Nilikuwa nawaona wakija kumsalimia babu yao, wakikimbia uani kwetu na pua zao ambazo huwezi kuzisomea kitu.

Nilimtembelea mara ya mwisho nikiwa na chupa ya chai na ndagala zilizofungwa kwenye karatasi. Alikuwa amekonda. Nilimpa kikombe, akakinywa bila kukinusa, nikajua.

"Imeenda," akasema. "Pua. Mwaka huu yote."

Nilimwambia nimeleta ndagala. Akacheka, akasema hilo ndilo jambo zuri pekee, sasa tunaweza kuishi nyumba moja bila ugomvi.

Kisha akaniuliza kama yule bibi wa Gihosha angali hai. Nikamwambia yu hai, hatembei mbali. Akakizungusha kikombe mikononi. Nilidhani anafikiria jina lake lilivyochafuka, na nilikuwa tayari kumwambia sasa basi, vita vimekwisha, niruhusu niseme. Nikamwambia hivyo.

"Apana," akasema. "Hiyo si kitu inaniuma." Akajivuta akakaa sawa. "Unajua kwa nini nilivuta tena, mara ya pili? Ya kwanza nilijua ni petroli. Ya pili nilitaka kujua chini ya petroli kuko nini. Mama Zubeda, ilikuwa isongo ya kweli. Ndizi ya shimo, imekamuliwa na mutu hana haraka. Miaka yote ile ya vita sikuonja kama ile. Na nikaimwaga. Yule mama akarudi kwake na vipande vya mtungi, hakuna mutu alimwambia hata neno moja." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Muonjaji kazi yake ni kusema. Mi sikusema. Enda umwambie ilikuwa nzuri. Hiyo tu."

Alifariki kabla mvua hazijaisha. Nilikwenda Gihosha baada ya kumzika, nikapanda mlima wa kule na mguu wangu mbovu.

Yule bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka ukutani, jua likimpiga miguuni. Nilimsalimu, amahoro, akaitikia. Nikamwambia mimi ni jirani wa mkwe wao wa Buyenzi, nimebeba salamu. Isongo yake ya siku ile ya posa ilikuwa nzuri. Ndizi ya shimo, imekamuliwa na mtu asiye na haraka. Aliyeionja alisema miaka yote ya vita hakuonja kama ile.

Mikono yake ilikuwa imeanza kusogea mapajani, polepole, kama inayokamua.

"Shimo la nyuma ya nyumba," akasema mwishoni. "Nililala hapo karibu, nikiogopa mutu asizichukue." Kisha akanitazama ushungi wangu. "Lakini we hunywi, mama. Nani alisema hivyo?"

"Muonjaji."

"Yule mulevi?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nililibeba kutoka Buyenzi, na kabla ya hapo nilikuwa nimelibeba miaka. Nikaitazama mikono yake.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Yule mulevi."